Tovuti ya Kwanza: Chagua Zana Utakayoweza Kuihudumia Mwenyewe

Jijini Tanga, ukitoka Bombo ukaelekea Raskazone, unapita hoteli, gesti, mahali pa kuogelea, na watu wa boti wanaovusha wageni kwenda kisiwa cha Toten kuona magofu ya misikiti na makaburi ya kale. Biashara nyingi za namna hii zinajulikana mtaani, na zina namba ya WhatsApp iliyojaa wateja wa zamani. Lakini mtu aliyeko Arusha au Muscat, asiyemjua yeyote Tanga, anaanzia Google. Asipokukuta huko, atampata wakala wa mbali, na wakala atakata kamisheni kwenye kila chumba atakachokuletea.

Tovuti ya kurasa nne au tano inaondoa sehemu ya tatizo hilo, na siku hizi huhitaji kuwa mtaalamu ili kuijenga. Zana zipo tele, nyingine ni za bure kabisa. Ugumu upo kwenye kuchagua. Anayeanza huuliza, "Nitumie programu gani?" Ushauri wangu ni kuanza na maswali mawili mengine. La kwanza: bei ikipanda Jumamosi usiku, nani ataibadilisha kwenye tovuti? La pili: siku nikiichoka zana hii, nitaondoka na nini? Zana inayojibu vizuri maswali haya mawili ndiyo yako, hata kama rafiki yako anaisifu nyingine.

1. Anza na karatasi

Kabla ya kufungua kompyuta, andika kwenye daftari kila kitu ambacho mgeni anakuuliza kwa simu. Chumba ni bei gani, na je, bei hiyo ina chai ya asubuhi? Kuna kiyoyozi au feni? Kutoka stendi nafika vipi? Boti ya kwenda Toten inachukua watu wangapi, na maji yakikupwa mnaondoka saa ngapi? Mnaweza kunipeleka mapango ya Amboni?

Majibu hayo ndiyo tovuti yako. Yagawe kwenye kurasa chache: Mwanzo, Huduma na bei, Picha, Jinsi ya kufika, Mawasiliano. Ukishayaona kwenye karatasi utajua kama unahitaji zana kubwa au ndogo. Wengi hugundua hapa kwamba ukurasa mmoja mrefu unawatosha.

2. Tenganisha jina, mahali na zana

Tovuti ina sehemu tatu. Kuna jina, yaani anwani ambayo watu wanaiandika. Kuna mahali ambapo mafaili yake yanakaa, kwenye kompyuta iliyo hewani usiku na mchana. Mafundi wanapaita hosti. Halafu kuna zana ya kutengenezea kurasa. Kampuni nyingi huuza vyote vitatu kwa pamoja, na mafundi wengi hukuunganishia vyote chini ya akaunti zao. Ni rahisi mwanzoni. Ugomvi huanza siku fundi amehama mji, simu yake haipatikani, na jina la biashara yako limesajiliwa kwa barua pepe yake.

Kwa hiyo shika jina mkononi mwako tangu siku ya kwanza. Majina ya Tanzania huishia na .tz na husajiliwa kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara hutumia .co.tz, asasi zisizo za kiserikali .or.tz, shule .sc.tz, na hoteli zina .hotel.tz. Wakati wa kusajili, uliza bei ya kuhuisha kila mwaka, kwa sababu bei ya mwaka wa kwanza huweza kuwa ya kuvutia wateja tu. Hakikisha mmiliki aliyeandikwa ni wewe, na barua pepe ni ile unayoifungua mwenyewe. Iwekee akaunti hiyo nenosiri refu na uthibitisho wa hatua mbili.

Zana za bure zitakupa anwani iliyobeba jina lao mbele au nyuma ya lako. Inafaa kwa kujifunzia, lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Ukichapisha anwani hiyo kwenye kibao na kadi, kisha ukahamia zana nyingine, kibao na kadi vitabaki vinapeleka wateja ulikotoka. Jina lako mwenyewe unaweza kulielekeza kwenye zana mpya bila mteja kugundua kilichobadilika.

3. Zana zenyewe, na nani zinamfaa

*Google Sites.* Ni ya bure kwa kila mwenye akaunti ya Google. Unaburuta maandishi, picha na ramani mpaka mahali unapotaka, unabonyeza kitufe cha kuchapisha, basi. Hakuna cha kusasisha wala hosti ya kulipia, na inakuruhusu kuunganisha jina lako mwenyewe. Ina upungufu wa aina mbili: muonekano wake ni wa kawaida sana, na huwezi kuihamisha tovuti nzima kama ilivyo kwenda kwingine. Kwa tovuti ya kurasa tano hasara hiyo ni ndogo, kwa sababu maandishi unayo kwenye daftari na picha ziko kwenye simu. Ihariri kwa kompyuta. Kwenye simu utahangaika.

*Blogger.* Ilianza mwaka 1999, Google wakainunua mwaka 2003. Tanzania inaifahamu vizuri: mpiga picha Issa Michuzi alianzisha blogu yake humo mwaka 2005, na kwa miaka mingi Watanzania wa ndani na wa ughaibuni waliifungua kila siku kutafuta picha na habari za nyumbani. Ni ya bure, inakubali jina lako, na inakuruhusu kupakua maandiko yako yote kwa pamoja. Inamfaa mwenye jambo jipya la kusema kila wiki: msimu wa samaki, ratiba ya safari, picha za wageni. Kama huna cha kuandika mara kwa mara, iache. Chapisho la mwisho likiwa la miaka miwili iliyopita, mgeni atadhani umefunga biashara.

*WordPress.* Ilitoka mwaka 2003, na leo zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani zinaendeshwa nayo. Hapa wanaoanza huchanganyikiwa, kwa sababu jina hilo lina milango miwili. WordPress.com ni kampuni inayokuhifadhia tovuti. Mpango wake wa bure huweka matangazo na haukubali jina lako mwenyewe. WordPress.org ndiko inakopatikana programu yenyewe, bure, lakini unailipia hosti na unaitunza mwenyewe. Faida yake ni kubwa: inafanya karibu kila kitu, na unaweza kuibeba na kuhamia hosti nyingine. Gharama yake ni matunzo. Programu yenyewe, muonekano na vijalizo vyake vinahitaji kusasishwa, na tovuti iliyosahauliwa ni rahisi kuvamiwa. Kama hakuna mtu wa kuifungua angalau kila wiki, usiichague kwa kufuata umaarufu wake.

*Wix na wenzake.* Kampuni hii iliyoanzishwa mwaka 2006 inatoa violezo vya kupendeza, na kazi inakwenda haraka. Mpango wa bure unaonyesha matangazo yao, na ili kutumia jina lako ni lazima ulipe kila mwezi au mwaka. Jambo la kuzingatia zaidi ni kwamba tovuti uliyoijenga humo huwezi kuitoa ukaipeleka kwingine. Inamfaa anayejua kwamba ada ataimudu mwaka hadi mwaka. Malipo huwa kwa dola na kwa kadi, kwa hiyo kabla ya kuanza hakikisha kadi yako inakubali malipo ya nje.

*HTML kwa mkono.* Hii ndiyo lugha yenyewe ya kurasa. Ukurasa wa kwanza kabisa wa wavuti, wa mbunifu wake Tim Berners-Lee kwenye maabara ya CERN, uliandikwa hivyo. CERN waliurudisha hewani mwaka 2013, na kivinjari cha simu ya leo kinaufungua bila tabu. Huwezi kusema hivyo kuhusu programu nyingi za wakati ule. Unahitaji kihariri tu: Visual Studio Code kwenye kompyuta ni cha bure, na kwenye simu ya Android kuna Acode. Mafaili unaweza kuyaweka GitHub Pages bila kulipa, hadi GB 1, na jina lako linakubaliwa. Kurasa zake ni nyepesi na hazihitaji kusasishwa, na kila faili ni lako. Lakini bei ya chumba itabadilishwa na anayejua HTML tu.

4. Sasa amua

Kama una gesti Raskazone, unaisimamia mwenyewe, na bei inabadilika mara chache kwa mwaka, chukua Google Sites na jina la .co.tz au .hotel.tz. Gharama yako itakuwa jina tu.

Kama unavusha watalii kwa boti na kila kitu unakifanya kwa simu, ukurasa mmoja unatosha. Mwombe kijana wa nyumbani mwenye kompyuta akutengenezee kwenye Google Sites, lakini akaunti iwe ya kwako.

Kama ni kikundi, shule au asasi yenye habari kila wiki na mtu aliyepewa kazi hiyo rasmi, WordPress inalipa. Bila mtu huyo, Blogger itawafaa zaidi.

Kama wewe ni kijana unayetaka ufundi huu uwe ajira, jifunze kwanza HTML na CSS (lugha ya kupamba kurasa), kisha WordPress. Anayejua kilicho chini ya kiolezo anaweza kurekebisha kilichoharibika, na mteja hulipa kwa hilo.

5. Mambo yasiyotegemea zana

Punguza picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu huweza kuwa na MB 3 hadi 5; kumi za namna hiyo zitammalizia mgeni bando kabla hajaona bei. Zipitishe Squoosh, programu ya bure inayofanya kazi ndani ya kivinjari, uzishushe mpaka upana wa pikseli 1,200 na uzito wa chini ya KB 200. Ufukwe wako utaonekana vilevile.

Weka kiungo cha WhatsApp. Huandikwa wa.me/ kisha namba yako ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mgeni akibonyeza, mazungumzo yanafunguka hapo hapo.

Sajili biashara yako kwenye Ramani za Google pia. Ni bure, na watu wengi watakuona hapo kabla ya kufika kwenye tovuti.

Chagua Kiswahili kwenye mipangilio ya lugha; kwenye HTML unaandika lang="sw". Vivinjari na mashine zinazowasomea wasioona zitajua zinasoma lugha gani. Ukihitaji Kiingereza, kipe ukurasa wake. Usichanganye lugha mbili kwenye aya moja.

Usikusanye taarifa usizozihitaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na fomu inayoomba majina na namba za pasipoti za wageni inakuhusisha nayo. Kiungo cha WhatsApp kinatosha kwa maulizo. Na kama unafikiria kuongeza ukurasa wa habari na matukio, waulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kuhusu leseni.

6. Jaribu kabla ya kutangaza

Chukua simu ya bei nafuu, zima Wi-Fi, fungua tovuti kwa bando. Mpe mtu asiyejua biashara yako aitafute bei, ramani na namba ya simu bila msaada wako. Akikwama, usimwelekeze; rekebisha ukurasa. Kisha badilisha bei moja wewe mwenyewe, uichapishe, na uirudishe. Ukishindwa hapo, zana hiyo haikufai, na ni nafuu kulijua hilo leo kuliko baada ya kuchapisha kadi.

Raskazone ina ufukwe, ina historia, na ina watu wanaojua kupokea wageni. Si haki wakala wa mbali ndiye aisimulie Raskazone na kula sehemu ya mapato yake. Wiki hii andika majibu ya wageni kwenye daftari, sajili jina kwa barua pepe yako, kisha uchague zana ndogo kuliko zote inayotosheleza kazi yako. Kubwa zaidi utaihitaji siku kazi yenyewe itakapokua.