Kununua Nyumba kwa Mkono wa Wakili

Ndugu zetu Waislamu, katika miji yetu ya Mombasa, Malindi na Lamu mna majumba na viwanja ambavyo wenyewe wanaishi mbali, Omani au Uingereza. Ikitakiwa kuuzwa mali hiyo, huja mtu na waraka wa uwakili, na mnunuzi akamtolea pesa. Wakili tumkusudiaye hapa si mwanasheria wa kortini, bali ni aliyepewa na mwenye mali idhini ya kumuuzia.

Uwakili ni halali. Vijana wa pangoni, katika Suratul Kahf aya ya 19, walimtuma mmoja wao mjini na fedha zao awanunulie chakula. Naye Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie kondoo.

Lakini uwakili ni amana yenye mpaka. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, wakili aliyeambiwa "uza" tu hawezi kujiuzia nafsi yake, wala kuuza kwa mkopo, wala kwa bei iliyo chini mno ya ile ya soko. Na lililo kubwa ni hili: mwenye mali akifa, uwakili hukatika saa ile ile, hata kama wakili hana habari. Tangu hapo nyumba ni ya warithi, na huenda miongoni mwao mna yatima. Ainunuaye kwa waraka wa maiti, pesa zimemtoka na nyumba hakuipata.

Basi mnunuzi na afanye haya. Kwanza, ausome waraka wote: je, umetaja kuuza, au ni kupokea kodi tu? Pili, akakague katika ofisi ya ardhi, kwani Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 imeweka daftari la nyaraka za uwakili. Tatu, aseme na mwenye mali mwenyewe. Siku hizi simu hufika Maskati mara moja, na uso ukaonekana. Ikidhihiri kuwa amefariki, jambo hilo ni la mirathi; waende kwa Kadhi, warithi wajulikane kwanza.

Wako wasemao kuwa kuuliza ni kumtuhumu mtu. Sivyo. Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara aya ya 282, ametuamrisha kuandika deni na kushuhudisha tunapouziana, wala hakukusudia tutuhumiane. Wakili mwaminifu hachukii kuulizwa. Achukiaye, tumwache na nyumba yake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe katika chumo la halali. Amin.