Dada, gemu inakufa kabla sijaona menyu

Wadogo zangu, wiki hii barua za wachumba na za wenye nyumba wanaopandisha kodi nimeziweka pembeni kidogo. Zitasubiri, hazijaanza leo. Kuna mdogo wetu wa Mbeya kaniandikia usiku wa manane, na ukiisoma barua yake utadhani kafiwa. Amenunua Skyrim kwa bei ya punguzo baada ya kuitolea macho miezi, akaweka modi sitini kwa siku moja, zote kwa kuyaburuta mafaili na kuyamwaga ndani ya folda ya gemu. Sasa akibonyeza kucheza, skrini inakuwa nyeusi, inakaa kidogo, halafu anajikuta karudishwa kwenye Windows. Hakuna ujumbe, hakuna samahani. "Dada, nifute yote nianze upya?"

Pole, mdogo wangu. Ndiyo, utaanza upya. Lakini kaa kwanza tuongee, maana ukianza upya kwa mtindo uleule tutaonana tena hapa wiki ijayo.

Kwa wale wanaojiuliza tunaongea nini: modi ni kazi ya mtu wa nje, asiye mwajiriwa wa waliotengeneza gemu, anayekaa kwake akaibadilisha au kuiongezea kitu. Counter-Strike yenyewe mnayoisikia ilianza mwaka 1999 ikiwa modi ya Half-Life. Na nyie mnaoyapaka mabasi ya mikoani rangi zake halisi kwenye gemu za basi za simu, msijifanye hamumo. Skyrim ilitoka Novemba 2011, ikatolewa tena ikiwa imeboreshwa mwaka 2016, na sababu moja kubwa ya watu kuicheza mpaka leo ni modi.

Sasa kosa lako. Folda ya Data ndani ya Skyrim ndiyo stoo ya gemu nzima. Ukiburuta mafaili ya modi ukayaingiza humo, yanachanganyika na ya gemu na ya modi nyingine, kama mtu aliyemimina chumvi kwenye kopo la sukari. Ukikutana na faili mbili zenye jina moja, Windows inakuuliza: niweke hii juu ya ile? Wewe una haraka, unabonyeza ndiyo. Ile ya kwanza imekwenda. Umebonyeza ndiyo mara ngapi siku ile? Hukumbuki. Hata mimi nisingekumbuka.

Ndiyo maana nawaambia kila siku: meneja wa modi, yaani programu ya kuziweka na kuzitoa, anasifiwa kwa kuweka, lakini kazi yake kubwa ni kutoa. Kuweka hata mtoto ataweka. Mtihani uko siku unapotaka modi moja kati ya sitini itoke, na hamsini na tisa zibaki zilipo kama hakuna kilichotokea.

Kwa Skyrim kuna mameneja wawili wa kuwajua. Vortex ni ya Nexus Mods, ile ghala kubwa ya modi, na inahudumia gemu nyingi. Hii inatunza modi kwenye folda yake, halafu inaziunganisha na folda ya gemu kwa viungo vya Windows. Faili inaonekana ipo sehemu mbili, kumbe ni moja na nafasi inayokula ni ya moja. Kwa sababu hiyo, kwa utaratibu wake wa kawaida, folda ya modi na gemu lazima vikae diski moja. Ukitenganisha, gemu D na modi C, inagoma, na haina kosa.

Mod Organizer 2 inaenda mbali zaidi. Yenyewe haiigusi kabisa folda ya gemu. Kila modi inakaa chumbani kwake, na unapoifungua Skyrim kupitia kwa meneja, gemu inaonyeshwa folda ya Data ya kufikirika yenye kila kitu ndani. Ukiifunga, folda halisi ni safi kama siku uliyoinunua. Hapa wengi wanajikwaa: ukiifungulia Steam, lile duka la gemu, moja kwa moja badala ya kupitia kwa meneja, modi zote zitapotea machoni. Usipige kelele, zipo. Umeingilia mlango usio wake.

Mniulize mimi natumia ipi. Kwa Skyrim, Mod Organizer 2, na sibadilishi. Mwenye gemu saba tofauti na modi tanotano kila moja, Vortex inamtosha. Cha kuchekesha ni kwamba aliyeanzisha Mod Organizer, anayejulikana mitandaoni kama Tannin, ndiye baadaye aliyechukuliwa na Nexus kuijenga Vortex. Kwa hiyo mashabiki wanaogombana ipi bora wanagombanisha watoto wa baba mmoja.

Turudi kwenye skrini yako nyeusi. Gemu ikifa kabla ya menyu, mara nyingi kuna plagini isiyo na mama yake. Modi nyingi zina faili dogo la plagini, na plagini nyingine zimejengwa juu ya plagini ya modi nyingine. Ile ya chini ndiyo mama. Ukiweka mtoto bila mama, Skyrim inamtafuta, inamkosa, inazima. Kwenye ukurasa wa kila modi kuna sehemu ya mahitaji, imeandikwa wazi unahitaji nini kabla. Najua hukuisoma. Hakuna anayeisoma mara ya kwanza. Meneja angekuwepo angekuwekea alama ya tahadhari pembeni ya plagini, ukipitisha kipanya juu yake anakutajia na jina la mama aliyekosekana. Dakika mbili, umemaliza.

Kuna mwingine, huyu ni binti wa Morogoro, ameniandikia kwamba Lydia wake amegeuka. Lydia ni yule mlinzi unayepewa kwenye mji wa Whiterun ukishamuua joka. Anasema mwili wa Lydia ni wa kawaida lakini kichwa kimekuwa cha rangi ya majivu, kama kimeazimwa kwa mtu mwingine. Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana wangu alikuwa hivyohivyo wiki nzima na nilidhani ndiyo mwanga wa pangoni.

Hili naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ukilielewa umeelewa nusu ya shughuli nzima. Mod Organizer 2 ina pande mbili. Kushoto kuna orodha ya modi, kulia kuna orodha ya plagini. Ni foleni mbili tofauti, na katika zote mbili aliye chini ndiye mshindi. Kushoto wanashindania mafaili: picha, maumbo, sauti. Kulia wanashindania maelezo: mtu huyu ana pua ya namna gani, nywele zipi, ngozi ya rangi gani. Binti yetu alikuwa na modi mbili, moja ya kumpendezesha Lydia peke yake, nyingine ya kupendezesha wanawake wote wa Skyrim. Kushoto ilishinda ile ya wote, kwa hiyo umbo la kichwa likatoka huko. Kulia ikashinda ile ya Lydia peke yake, kwa hiyo maelezo yakatoka huku. Gemu ikapewa kichwa cha huyu na maelezo ya yule, ikashindwa kuvioanisha, ikampaka majivu.

Dawa yake ni kuhakikisha anayeshinda kushoto ndiye anayeshinda na kulia. Mwambie Lydia wa peke yake ashuke chini ya yule wa wote, pande zote mbili, basi. Na msiniambie "lakini Dada, nilibonyeza LOOT ikapanga". LOOT ni programu nzuri, inajua plagini nyingi na inazipanga vizuri, ila inapanga foleni ya kulia tu. Ya kushoto ni juu yako. Vile vialama vya radi vyenye alama ya kujumlisha na kutoa unavyoviona pembeni ya modi ndivyo vinavyokuonyesha nani kamkalia nani. Ukiviona usiogope, modi mbili kugombania faili moja ni jambo la kila siku. Swali ni kama anayeshinda ndiye unayemtaka.

Sasa nikiri la kwangu. Niliwahi kuwa na mchezo wa saa tisini. Nilikuwa na modi iliyoongeza kijiji kizima, wakulima, mbuzi, na kazi zao ndogondogo. Siku moja nikachoka nacho, nikafungua meneja, nikaondoa tiki. Safi, modi imetoka. Nikaendelea kucheza, hata nikajisifu. Siku mbili baadaye mazungumzo yakaanza kukwama, kazi hazimaliziki, mwishowe kila nikitaka kusevu gemu inajifunga. Saa tisini, jamani. Niliifunga laptopi nikaenda kupika, na ugali nao ukaungua.

Hapa ndipo meneja ananyoosha mikono. Yeye anaitoa modi kwenye folda. Hawezi kuitoa kwenye sevu. Modi zenye skripti, yaani maagizo yanayoendesha mambo ndani ya gemu, zinaandika mambo yao ndani ya sevu yako, na ukiziondoa katikati ya safari, maandishi yanabaki yakimtafuta mwenyewe ambaye hayupo tena. Modi ya picha tu, ya kubadilisha ukuta au nguo, unaweza kuitoa wakati wowote. Yenye skripti, kazi mpya au watu wapya, ukishaanza nayo, maliza nayo, au rudi kwenye sevu ya kabla hujaiweka. Mod Organizer 2 ina kitu kinaitwa profaili, na ukiweka tiki kila profaili inatunza sevu zake. Tengeneza moja ya kuchezea na moja ya kujaribia mambo. Ya majaribio ikiharibika, hulii.

Na Steam nayo ina yake. Modi nyingi nzito zinategemea SKSE, nyongeza inayojishikiza moja kwa moja kwenye programu ya gemu. Kila toleo la gemu lina SKSE yake, kama kitasa na ufunguo. Novemba 2021 Bethesda, wenye Skyrim, walitoa sasisho kubwa la kusherehekea miaka kumi, watu wakaamka vitasa vimebadilishwa nchi nzima, na wengine waling'ang'ania toleo la 1.5.97 la zamani kwa muda mrefu baada ya hapo. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya Skyrim ndani ya Steam, chagua isasishwe pale tu unapoifungua kwa Steam, kisha wewe fungua kwa SKSE kupitia kwa meneja. Mnaocheza kopi ya flashi ya jamaa, sina hukumu, lakini SKSE haikutengenezwa kwa ajili yenu, na ikigoma sina dawa. Subirini punguzo.

Bando pia tuliongelee, maana mnajifanya matajiri. Modi za picha huja kwa saizi, 1K, 2K, 4K. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya ile ya 2K, na inakula bando na kumbukumbu ya kadi ya picha vivyo hivyo. Kwa laptopi ya kawaida, 1K kwa vitu vidogo na 2K kwa ardhi na majengo inatosha kabisa. Sijawahi kuona mtu akipigana na joka huku anahesabu nyuzi za kikapu. Zile koleksheni za Nexus za modi mia nne zinavutia, lakini kama hulipii uanachama utazibonyeza moja moja zote mia nne, na ikiharibika hujui hata kilichomo.

Haya, wa Mbeya. Nakili sevu zako, ziko kwenye Documents, ndani ya My Games. Iondoe Skyrim kwa Steam, kisha nenda mwenyewe ukafute folda iliyobaki, maana Steam inaondoa vyake tu na uchafu wako inakuachia. Kama una diski ya D, isakinishe huko badala ya Program Files, Windows ina wivu na ile folda. Ifungue mara moja kwa Steam ijiandikie mipangilio. Mod Organizer 2 iweke kwenye folda yake, nje ya gemu. Anza na SKSE, fungua gemu. Weka kiraka cha Unofficial Skyrim Special Edition Patch, fungua gemu. Weka SkyUI, modi ya menyu, fungua gemu. Unaona ninavyoenda? Baada ya hapo tatu au nne kwa mkupuo, unajaribu, unaendelea.

Siku itakapogoma, na itagoma, zima nusu ya modi. Ukiwa na sitini zima thelathini, ukichunga usimzime mama ukamwacha mtoto. Ikifunguka, mwizi yumo kwenye zile ulizozima. Isipofunguka, yumo kwenye zilizobaki. Gawa tena nusu. Kwa sitini, raundi sita zinakufikisha mlangoni kwake.

Ukifika Whiterun, niandikie kwanza Lydia ana sura gani. Na binti wa Morogoro, wako vipi sasa?