Kura Moja Yaongeza Nini?

Ndugu msomaji, wako watu wasemao: "Kura yangu moja itaongeza nini katika maelfu?" Mara nyingi neno hili hutoka kwa watu wema wapendao utulivu. Yafaa basi tulipime kwa mambo yaliyotokea hapa kwetu.

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanywa kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Mpiga kura alitakiwa awe na umri wa miaka 21, na tena awe na elimu ya darasa la nane, au pato la Shilingi 3,000 kwa mwaka, au cheo kilichotambuliwa. Hebu fikiri ni wakulima wangapi, na akina mama wangapi, walioachwa nje ya mlango huo! Juu ya hayo, kila mmoja alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu, hali Waafrika walikuwa zaidi ya 98 katika kila watu 100.

Je, ilifaa kususia? Swali hili lilizua mjadala mkali katika mkutano wa TANU mjini Tabora, Januari 1958. Mwalimu Nyerere alishauri washiriki, na shauri lake likashinda. Zuberi Mtemvu alijitenga, akaunda chama chake; na kwa hakika uchungu wake waeleweka. Lakini walioshiriki waliwaunga mkono Waasia na Wazungu walioafikiana nao, wakavitwaa viti kwa sharti lile lile lililokusudiwa kuwazuia. Kufikia uchaguzi wa Rais wa mwaka 1962, kila mtu mzima alikuwa na haki ya kura.

Ama kuhusu kura moja, tazama Zanzibar, Januari 1961. Viti vilikuwa 22: ASP ilipata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake ASP ilikipata kwa kura moja tu. Kisha wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili wakaenda ZNP na mmoja ASP. Ikawa 11 kwa 11, ikabidi nchi nzima irudie uchaguzi mwezi Juni. Lau mtu mmoja tu wa Chake Chake, mwenye rai nyingine, aliyebaki nyumbani siku ile angalitoka kwenda kituoni, kura zingalilingana.