Kumtafuta Mfasiri wa Kuirejesha Fasihi Simulizi ya Kipashto kutoka Kiingereza

Makala hii inajadili swali ambalo wanafunzi wa tafsiri hulichukulia kwa wepesi: ni nani anayefaa kukabidhiwa ngano au wimbo wa Wapashtuni ulioandikwa kwa Kiingereza ili aurejeshe katika Kipashto? Jibu la kawaida ni kwamba atafutwe mwenye vyeti vya lugha zote mbili. Jibu hilo halitoshi.

Kipashto huzungumzwa hasa Afghanistan na Pakistan. Sehemu kubwa ya fasihi simulizi yake imewafikia wasomi wa nje kupitia lugha za kigeni. Landai alizozikusanya Sayd Bahodine Majrouh, mshairi wa Afghanistan aliyeuawa Peshawar mwaka wa 1988, zilitolewa kwa Kifaransa, kisha zikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka wa 2003. Aliye na toleo hilo la Kiingereza pekee ameshika matini iliyopita katika mikono miwili.

Landai ina mishororo miwili: wa kwanza mizani 9, wa pili mizani 13, nao wa pili aghalabu huishia kwa sauti ma au na. Huimbwa hasa na wanawake, na mtunzi hatajwi. Tafsiri ya Kiingereza kwa kawaida huitupa mizani. Anayeirejesha hana budi kuirudisha, na ujuzi huo haupatikani kwa kufasiri mikataba na hati za mahakama. Kuna pia suala la jinsia. Nafsineni akisema kwa Kiingereza kwamba amechoka, hatujui kama ni mume au mke. Hata 'nimechoka' yetu haifichui. Katika Kipashto mwanamume husema staray yam, mwanamke stare yam. Mfasiri asiyeijua desturi ya landai anaweza kumnyang'anya mwanamke wimbo wake kwa irabu moja tu.

Istilahi za ukoo nazo zina mitego. (Msomaji wetu atatabasamu akiambiwa kwamba mama, katika Kipashto, ni mjomba.) Neno moja la Kiingereza humeza binamu wote, wa kuumeni na wa kukeni. Tarbur ni mwana wa ndugu wa kiume wa baba, na neno hilo hilo hubeba maana ya hasimu, kwa kuwa hao ndio wanaogombea ardhi ya babu mmoja. Ngano ikimweka binamu mwingine mahali pa tarbur, chuki iliyomo inabaki bila sababu.

Isitoshe, lahaja zatofautiana. Jina lenyewe la lugha hutamkwa kwa sh upande wa Kandahar na kwa kh upande wa Peshawar. Maandishi huificha tofauti hiyo, masikio hayaifichi. Kwa hiyo mfasiri ateuliwe kwa kuzingatia hadhira itakayosikiliza.

Tunapendekeza jaribio dogo kabla ya kumwajiri yeyote. Apewe ukurasa mmoja aufasiri, kisha rasimu isomwe kwa sauti mbele ya mtambaji mkongwe asiyejua Kiingereza. Kwa landai, awe mwanamke, na asomewe na mwanamke, maana kuna nyimbo ambazo hatazijadili mbele ya mwanamume mgeni. Pale anapouliza "huyu anayesema ni nani?" pawekwe alama. Mtambaji huyo alipwe kama mhakiki kamili, na neno lake likipingana na la mwenye shahada, rasimu irudi mezani.