UPINDE WA MTI: NAMNA YA KUUTENGENEZA KWA MKONO

Mfinyanzi akikosea huweza kuongeza udongo, na mshonaji akikosea huweza kutia kiraka. Fundi wa pinde hana nafasi hiyo, maana mti uliokwisha kuchongwa haurudi. Ndiyo sababu kazi yake kubwa si nguvu ya mkono bali ni kutazama. Hutazama kwanza, hukwangua kidogo, kisha hutazama tena.

Katika Kenya watu waliosifika kuliko wengine kwa pinde zao ni Waata, ambao majirani waliwaita Waliangulu. Makao yao ni nyika iliyo nyuma ya Malindi, kando ya mto Galana na katika nchi ya Tsavo. Upinde wa Mwaata wa kuwindia ndovu ulihitaji nguvu ya kuvuta iliyopita ratili 100. Nguvu hiyo yalingana na ile ya pinde za vita za Waingereza wa zamani, ambazo nyingine zilipatikana katika meli Mary Rose iliyozama mwaka 1545.

Mwaka 1948 nchi ya Tsavo ilifanywa hifadhi ya wanyama. Katika miaka ya 1956 na 1957 ulifanywa msako mkubwa wa wawindaji wa pembe, na Waata wengi walishikwa na kufungwa. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji katika nchi nzima. Ndovu walihitaji ulinzi, na sheria hiyo haina budi kutiiwa. Lakini ujuzi wa fundi ni jambo jingine. Haukuandikwa kitabuni, bali ulipita kutoka mkono wa mzee hadi mkono wa kijana. Kizazi kimoja kikikosa kujifunza, ujuzi hukatika. Upinde wa kulengea shabaha ya majani haumdhuru mnyama, na kijana aweza kujifunza kuutengeneza bila kuvunja sheria yo yote. Sumu ya mishale haimo katika somo hili.

Kuuchagua Mti

Mti ufaao ni ule mgumu unaopindika bila kuvunjika. Mkole ni mmoja wa miti hiyo, nao hutumika kwa pinde, mishale na bakora katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki. Shina linalotakiwa ni lenye unene wa kifundo cha mkono wa mtu mzima, na urefu upatao futi tano u nusu. Liwe limenyoka, lisiwe na mafundo ya matawi, wala lisiwe limejisokota. Mistari ya gome huonyesha mambo yaliyo ndani: ikiwa yalizunguka shina kama kamba, nyuzi za mti nazo zimezunguka, na mti huo haufai.

Kabla ya kukata, ruhusa iombwe kwa mwenye shamba au kwa walinzi wa msitu.

Kuukausha

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Walakini upinde si samaki. Mti mbichi ukipindwa hubaki umepinda, wala haurudishi mshale kwa nguvu. Basi mara baada ya kukatwa, ncha zake mbili hupakwa nta au mafuta mazito, ili maji yasitoke upesi mno mahali hapo na kuupasua mti. Gome huondolewa polepole, bila kuugusa kwa kisu mti ulio chini yake. Kisha mti hufungwa kwenye boriti iliyonyoka na kuwekwa kivulini penye hewa, mbali na jua na moshi wa jiko.

Muda wa kukauka hautoshani kwa miti yote. Kipimo cha kweli ni mizani. Mti upimwe mara moja kila juma, na uzito uandikwe. Maadamu uzito unapungua, maji yangali yanatoka. Uzito ukikaa pale pale kwa majuma mawili au matatu, mti umekuwa tayari.

Mgongo na Tumbo

Upinde una pande mbili ambazo kazi zake hazifanani. Upande unaoelekea shabaha huitwa mgongo, na upande unaomwelekea mpiga mshale huitwa tumbo. Upinde ukivutwa, nyuzi za mgongo hunyoshwa, na zile za tumbo hubanwa. Nyuzi za mgongo zikiwa nzima kutoka ncha hadi ncha, hustahimili. Moja ikikatwa kwa kisu, ufa huanzia hapo hapo.

Kwa hiyo sheria ya kwanza ya fundi ni kwamba mgongo hauchongwi. Upande uliokuwa chini ya gome huachwa kama ulivyo, na kazi yote ya tezo na kisu hufanywa tumboni na ubavuni. Uzi uliopakwa makaa hunyoshwa juu ya mti ili kuonyesha mstari wa katikati. Inchi nne za katikati huachwa nene ziwe kishikio. Kutoka hapo, mikono miwili ya upinde hupunguzwa unene taratibu kuelekea nchani.

Kuusawazisha

Hapa ndipo fundi hujulikana. Upinde mzuri hujikunja kwa mpindo mmoja ulio sawa, kila sehemu ya mkono ikichukua mzigo wake. Sehemu moja ikikataa kujikunja, jirani yake hulazimika kuchukua mzigo wa mbili, na hapo ndipo upinde huvunjika.

Kwanza, ncha moja huwekwa ardhini na kishikio husukumwa kidogo kwa kiganja, huku fundi akitazama mkono unavyopinda. Pasipopinda hutiwa alama ya kaa. Hapo hukwanguliwa kwa kisu kilichoshikwa wima, tumboni tu. Kisha mti husukumwa mara thelathini hivi, ili uzoee kabla ya kutazamwa tena.

Mahali panapopinda kupita kiasi pasiguswe kabisa. Dawa yake ni kupunguza sehemu nyingine zote mpaka zilingane napo. Upinde utapungua nguvu, lakini utaishi.

Mikono miwili ikianza kulingana, upinde hutiwa kamba ndefu na kutundikwa kwenye panda ya mti kwa kishikio chake, tumbo likiwa chini. Debe tupu hufungwa katikati ya kamba, na maji hutiwa kidogo kidogo kwa kata. Fundi hurudi nyuma hatua kadhaa na kutazama. Mkono wa kushoto na wa kulia yapasa ishuke pamoja kama mabawa ya ndege. Akiona kasoro, huliondoa debe kwanza, kisha hukwangua. Upinde usiachwe na mzigo wakati mtu anapofikiri.

Debe lililojaa maji lina uzito upatao ratili 40, na kiasi hicho chamtosha mwanafunzi mzima wa mwili. Upinde ukiwa umetiwa upote wake wa kawaida, na debe zima likaushusha upote hadi inchi 26 kutoka kishikio, kazi ya kupunguza imekwisha. Atakayetaka kujua nguvu za wazee wa Kiwaata na afikiri madebe mawili u nusu ya maji yakivutwa kwa vidole vya mkono mmoja.

Upote

Zamani pote nyingi zilifanywa kwa kano za wanyama, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, nchini Tanzania, wamekuwa wakizitumia kano hizo. Mwanafunzi aweza kutumia nyuzi safi za mkonge, zilizosokotwa mikondo mitatu na kupakwa nta. Upote uwe na uwezo wa kustahimili mara nne ya nguvu ya upinde, maana mshale unapotoka upote hushtuka kwa nguvu kubwa. Upinde uliotiwa upote uwe na nafasi ya ngumi moja na dole gumba lililosimamishwa, yaani inchi sita hivi, kati ya kishikio na upote.

Makatazo

Upote usivutwe na kuachiliwa pasipo mshale. Nguvu ambayo ingeondoka na mshale hurudi katika mti, na upinde mzima waweza kupasuka mkononi.

Upinde usivutwe kupita kipimo ulichosawazishiwa, wala usikopeshwe mtu mwenye mikono mirefu kabla ya kumwonya.

Mtu asisimame mbele ya mshale, hata kwa mzaha, na shabaha iwe na kichuguu au ukingo wa udongo nyuma yake.

Baada ya kazi, upote uondolewe. Upinde husuguliwa kwa majani ya msasa, hupakwa mafuta, na kulazwa juu ya vigingi viwili kivulini. Usiegemezwe pembeni mwa nyumba, kwa kuwa huko hujifunza kupinda upande mmoja.

Upinde Uliovunjika

Upinde wa kwanza wa wanafunzi wengi huvunjika, na hiyo si sababu ya kuacha. Vipande visitupwe jikoni kabla ya kuchunguzwa. Ikiwa mgongo umeinuka vibanzi virefu, huenda nyuzi zilikatwa au zilikuwa zimezunguka shina. Ikiwa tumbo limejikunja mistari midogo ya kukingama, sehemu hiyo ilibebeshwa mzigo wa jirani zake. Ikiwa upinde haukuvunjika bali umebaki umepinda, huenda mti ulikuwa haujakauka. Mwanafunzi akipata mzee ajuaye kazi hii, na amchukulie vipande hivyo na kumketi karibu. Mzee atapaonyesha kwa kidole mahali palipokosewa, na upinde wa pili utaanzia hapo.