Dondoo muhimu: Mizunguko mirefu kwa baiskeli ya kuegemea
Baiskeli hii, unayoendesha ukiwa umeegemea kiti na miguu ikiwa mbele, hupasua upepo vizuri kuliko ya kawaida. Mwaka 1933 Mfaransa Francis Faure aliitumia kuvunja rekodi ya saa moja, akapita kilomita 45. Mwaka uliofuata UCI, chama cha kimataifa cha mbio za baiskeli, ikaifungia mlango kwenye mashindano yake. Basi soma kanuni za mashindano kabla ya kulipa ada ya kushiriki.

Ukifanyia mazoezi Chamazi, Dar es Salaam, toka alfajiri. Barabara ya Mbagala kwenda Mbande ikishajaa daladala na bodaboda, ulivyo chini hivyo hakuna anayekuona. Funga bendera ndefu, na kioo cha pembeni pia, maana kugeuka nyuma ni shida.

Huwezi kusimama juu ya pedeli, kwa hiyo weka gia nyepesi kabla ya mlima na kabla ya kusimama. Ukisahau, magoti yatakusuta. Vidole vya miguu vikifa ganzi, legeza viatu.

Cheni yake ni ndefu, mara mbili hata tatu ya kawaida. Beba pini za kuungia. Maji yawe na chumvi kidogo, kwenye mfuko wenye mrija. Miwani ya jua usiiache: jua linakupiga usoni.