Mtume Ametumwa na Nani?

Masomo ya wiki hii: Matendo 13:1-3 na 14:26-28, 2 Wakorintho 8:16-24, Ufunuo 2:2



Mwezi ujao tunachagua wazee na mashemasi wa ushirika wetu hapa Plymouth. Tangu tulipotangaza, tumeulizwa swali lile lile mlangoni, kwenye chai baada ya ibada, hata nje kwenye magari theluji ikianguka: mbona sisi hatuna mtume?

Swali hili si la mzaha, maana tumetoka katika makanisa mengi. Wako kati yetu waliolelewa na Waanglikana na Walutheri, wamezoea askofu. Wako wa AIC na Wapresbiteri, wamezoea baraza la wazee. Wengine waliokoka katika makanisa ambako siku hizi bango la barabarani humtangaza Mtume fulani, na mkewe Nabii. Tena kuna jambo tulilolisikia kwa uchungu. Nyumba zaidi ya moja kati yetu zimetuma fedha kwa simu, fedha ya kodi ya nyumba, kwa mtu anayejiita mtume ambaye hawajawahi kuonana naye uso kwa uso, kwa sababu aliwaambia kwamba anayemkatalia mtume amemkatalia Mungu. Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtu. Tumeona tu kwamba haifai kupiga kura kabla hatujafungua Neno pamoja.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa. Neno mtume limetoka katika kutuma, na neno la Kigiriki lililo katika Agano Jipya lina maana hiyo hiyo. (Waliokulia Mombasa au Unguja wanajua kwamba ukitaja "Mtume" pale mtaani, jirani atadhani unamsema Muhammad. Maana ya neno haibadiliki: ni aliyetumwa.) Na sisi sote tuliwahi kutumwa. Mama alikutuma dukani, ukarudi na chumvi na chenji, ukaihesabu mbele yake. Hatujaona mtoto aliyetumwa chumvi akarudi akidai kwamba yeye sasa ndiye mwenye nyumba.

Wale Kumi na Wawili wana nafasi yao peke yao. Petro alipotaka mtu wa kujaza pengo la Yuda, alisema lazima awe amefuatana nao tangu ubatizo wa Yohana, awe shahidi wa kufufuka kwa Bwana (Matendo 1:21-22). Nafasi hiyo hakuna anayeweza kuigombea leo, hata akifunga siku ngapi.

Lakini Biblia inaliita jina hilo pia kwa wengine, na hapo ndipo tuangalie vizuri. Barnaba na Sauli hawakujitangaza. Walikuwa katika ushirika wa Antiokia, watu wakiwajua, Roho akasema, ndugu wakafunga na kuomba, wakawawekea mikono. Safari ilipokwisha walirudi pale pale walipotumwa, wakakusanya kanisa na kutoa taarifa. Katika 2 Wakorintho 8 tunawakuta ndugu waliopewa kazi ya kusindikiza mchango. Kigiriki kinawaita mitume wa makanisa, nao walichaguliwa na makanisa yenyewe. Paulo anaeleza sababu bila kuficha: hakutaka mtu yeyote apate la kumlaumu kuhusu fedha ile. Kama Paulo mwenyewe hakubeba bahasha ya sadaka peke yake, sisi ni nani?

Kwetu Afrika Mashariki tunaye mtu wa kumtazama. Apolo Kivebulaya alizaliwa Uganda karibu mwaka 1864 na kubatizwa mwaka 1895. Kanisa lilimtuma Toro kuwa mwalimu, na mwaka 1896 akavuka kwenda Mboga, ng'ambo ya Semliki, sehemu ambayo leo iko Kongo na wengi huiita Boga. Walimu waliomtangulia walikuwa wameondoka kwa sababu chifu Tabaro aliwanyima chakula. Apolo alipigwa, nyumba yake ikachomwa, akasingiziwa kuua, akapelekwa Toro akafungwa. Alipoachiliwa alirudi Mboga kwa watu wale wale, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Kisha akaingia msituni kwa Wambuti.

Vyeo vyake? Alianza kama mwalimu wa kawaida. Alifanywa shemasi mwaka 1900, kasisi mwaka 1903, na baadaye kanoni. Kila daraja alipewa na wengine, baada ya kazi kuonekana. Wale walioandika habari zake ndio waliomwita mtume wa watu wa msituni. Alipofariki mwaka 1933 aliacha neno kwamba azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu wa Kongo, mahali ambapo kazi ilikuwa haijaisha. Ndugu zetu waliotoka Ituri wanaweza kutusimulia zaidi, tafadhali waulizeni.

Kuhusu vyeo vingine hatutakaa sana. Katika Matendo 20 Paulo anawaita wazee wa Efeso, na akizungumza nao anawaita waangalizi, neno ambalo ndilo lililozaa "askofu". Ni watu wale wale. Makanisa yamepanga daraja hizo kwa namna mbalimbali, na hatuna haja ya kugombana juu yake kwenye chai. Shemasi ni mhudumu. Kwa maoni yetu, anayefika saa mbili asubuhi mwezi wa Januari kuondoa theluji mlangoni ili bibi zetu wasiteleze ameanza ushemasi kabla hatujamchagua.

Bwana analisifu kanisa la Efeso, katika Ufunuo 2:2, kwa kuwa liliwajaribu waliojiita mitume na kuona ni waongo. Kwa hiyo kuuliza maswali si uasi. Paulo alimpinga Petro mbele ya watu kule Antiokia (Wagalatia 2), na Petro alikuwa mtume kweli kweli. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ya watu walioaminishwa wafunge hadi kufa, nayo ikapita 400. Miongoni mwao walikuwamo watoto wengi. Tunajiuliza kila mara ni nani pale aliyekuwa na ruhusa ya kumwuliza mhubiri swali moja tu.

Ya kuzungumza nyumbani wiki hii, watoto wakiwepo, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza:

Huyu tunayemsikiliza kwenye simu, ni kanisa gani lililomtuma, na anarudi wapi kutoa taarifa? Nani anahesabu fedha pamoja naye? Wanaoishi naye karibu, mke wake, majirani zake, wanasemaje? (Someni 1 Timotheo 3.)

Nyumba iliyopata hasara kwa jambo tulilolitaja hapo juu, tafadhali mwoneni mmoja wa wazee kwa faragha. Hamtasemwa. Kuna kodi ya kulipa mwezi huu, na tungependa tuibebe pamoja.

Majina ya mnaowapendekeza yaandikwe na kukabidhiwa kwa katibu kabla ya Jumapili ya pili ya mwezi. Mwenye kutaka kujipendekeza mwenyewe atafute kwanza wawili waliomwona akifanya kazi.